Kalemela: Masalia ya shahidi si dili

Mpenzi msomaji, wiki hii tunatoka mjini. Mabaa ya Mwanza yatatusubiri, hayana pa kwenda. Panda nami basi la Musoma pale stendi ya Nyamhongolo, kaa upande wa kushoto ili ulione ziwa vizuri, na omba Mungu dereva asiwe wa kukimbizana na wenzake. Utapita Kisesa, utapita daraja la Mto Simiyu, utapita Magu, halafu utaingia Busega. Hapo mambo yanabadilika. Mashamba ya pamba, mpunga mabondeni, na ng'ombe wasio na habari na honi ya mtu. Kwenye mwambao huo wa Ghuba ya Speke ndiko iliko Kalemela.

Kwa wasiojua, Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe bado kijana: ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo watu wa huku walikuwa wa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na mzee ukimkuta kibarazani anaweza kukwambia bado yeye ni mtu wa Magu, hayo mengine ni ya wenye kalamu. Liweke hilo la Magu kichwani, litatufaa mbele ya safari.

Kilichonipeleka huko si samaki wala pamba. Nilisikia kwamba kuna bibi amerudi kutoka hija ya Namugongo, Uganda, amekuja na "kitu cha mashahidi", na kwamba kuna jamaa ametaka kukinunua. Mwandishi akisikia neno kununua, miguu inajiendea yenyewe.

Bibi nilimkuta anaanua mahindi. "Mwangaluka bibi," nikajaribu Kisukuma changu cha kuunga unga. Akaitikia, akacheka, akaniletea kigoda. Ni mtu wa miaka sabini na ushee, ana rozari shingoni na macho yanayokupima kabla hujasema shida yako. Aliponisikia nataka kuona hicho kitu, akaingia ndani akatoka na bahasha. Ndani yake mna kadi yenye picha ya Karoli Lwanga, na kwenye kona ya kadi kimebandikwa kipande cha kitambaa chekundu, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ndicho hicho tu! Pembeni kulikuwa na kidumu cha maji cha lita moja na udongo kidogo kwenye mfuko wa nailoni.

"Mjukuu wangu," akasema, "yule kijana mvuvi anataka hiki kitambaa akashonee kwenye wavu. Anasema atanipa hela nzuri. Nimemwambia aje kusali, hela akanunulie wavu mwingine."

Nilicheka, lakini baadaye nikaona jambo hili si la kucheka. Tutafika huko. Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana hata Wakatoliki wengine ukiwauliza masalia ni nini wanaanza kukohoa.

Masalia ni mabaki ya mtakatifu. Kwa desturi ya Kanisa yamezoeleka kupangwa kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mwili wenyewe: mfupa, nywele, damu, majivu. La pili ni vitu alivyotumia, kama nguo au kitabu chake. La tatu ni kitu kilichoguswa kwenye masalia ya daraja la kwanza, na mara nyingi huwa ni kitambaa. Kwa hiyo kile cha bibi, kama kweli kiligusishwa, ni cha daraja la tatu. Udongo na maji ni kumbukumbu ya hija tu, ingawa ukimwambia bibi hivyo jiandae kwa mjadala.

Desturi yenyewe ni ya kale. Askofu Polikarpo alipouawa huko Smirna, mahali ambapo leo ni mji wa Izmir, Uturuki, mnamo mwaka 155 hivi, Wakristo wake waliokota mifupa yake, wakaiona ya thamani kuliko vito, wakaizika mahali pa kukutania kila mwaka siku ya kifo chake. Huko Roma watu walisali penye makaburi ya mashahidi. Ndipo ikazaliwa desturi ya kuweka masalia chini ya altare. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mapadre wa zamani waliokuwa wakizunguka vigangoni kwa baiskeli na punda walibeba jiwe dogo la altare, na ndani ya jiwe hilo mna kipande kidogo cha mfupa wa shahidi. Bila jiwe hilo hawakuruhusiwa kusoma Misa penginepo. Maana yake babu zetu huku Usukuma walikaa chini ya mkuyu mbele ya mfupa wa mtu aliyeuawa huko Ulaya karne nyingi nyuma, na huenda hawakuambiwa! Siku hizi hilo si sharti, na utaratibu uliotolewa mwaka 1977 unasema masalia ya kuweka chini ya altare yawe makubwa kiasi cha kutambulika kuwa ni sehemu ya mwili wa binadamu. Vipande vidogo mno havitakiwi huko.

Sasa turudi kwa Karoli Lwanga. Huyu alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Alichukua nafasi hiyo baada ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kosa la kumkanya mfalme. Lwanga naye akawakinga vijana wake na matakwa machafu ya Kabaka. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, alipoona mambo yamefika shingoni, aliwabatiza wenzake ambao hawajabatizwa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Asubuhi wakahukumiwa. Wakatembezwa kwa miguu hadi Namugongo, wamefungwa, wengine wakiuawa njiani. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto. Lwanga alichomwa peke yake, pembeni, kwa moto mdogo uliomwanzia miguuni. Ukisoma habari zake usiku hulali.

Kanisa Katoliki linahesabu mashahidi wake 22, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana wana wa kwao 23. Na penye rundo la kuni pale Namugongo walilazwa pamoja, Mkatoliki na Mwanglikana, matete yale yale na moto ule ule. Moto haukuuliza nani amebatizwa kwa nani. Nikifikiria majivu yale naona aibu kidogo kwa jinsi tunavyonuniana leo mtaani kwa sababu ya kwaya na vipaza sauti.

Lile la Magu sasa. Mpenzi msomaji, ukidhani habari hii ni ya Waganda peke yao umepotea. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki waliokwenda Buganda walifika ziwani huku huku kwetu, Kageye, kwenye hii hii Ghuba ya Speke. Kutoka hapo, Januari 1879, Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans waliondoka kwa mtumbwi. Tarehe 17 Februari 1879 wakatia nanga Kigungu, karibu na Entebbe. Karibu mwezi mzima majini! Mwaka 1882 mambo yalipokuwa magumu Buganda, mapadre walivuka tena ziwa wakaja kukaa Bukumbi, upande wetu, hadi mwaka 1885. Kwa hiyo miaka yote hiyo ambayo akina Mukasa na Lwanga walikuwa wanajifunza dini bila padre, mapadre wao walikuwa huku Usukuma wakila ugali wetu.

Na kubwa kuliko hilo: mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipopinduliwa, alikimbilia wapi? Magu! Ndiyo, Magu hii unayoijua, unayonunulia karanga basi likisimama. Alifika akiwa hana kitu, wafanyabiashara Waarabu waliokuwa hapo wakamtesa, na mwisho akaenda kuomba hifadhi kwa mapadre wale wale wa Bukumbi. Mtu aliyewachoma vijana wao. Nao wakamfungulia mlango. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu ule moto. Nilipomsimulia bibi, alinyamaza kitambo kirefu, akasema, "Kumbe alilala huku." Kisha akaendelea na mahindi yake. Mwanga alirudi kwenye kiti chake mwaka 1889, baadaye Waingereza wakampeleka Shelisheli, na huko akabatizwa kwa jina la Danieli na kufariki mwaka 1903.

Basi turudi kwenye hela ya mvuvi.

Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1190, iko wazi: ni marufuku kabisa kuuza masalia matakatifu. Kabisa. Na masalia makubwa, au yale yanayoheshimiwa sana na watu, hayahamishwi moja kwa moja bila ruhusa ya Roma. Mwaka 2017 Vatikani ikatoa maelekezo mapya kuhusu namna ya kuyathibitisha na kuyatunza. Parokia ikitaka masalia haiendi dukani. Ombi linapita kwa askofu. Kile kipande kinawekwa kwenye kikasha kidogo chenye kioo, kinafungwa kwa uzi na kupigwa muhuri wa nta, na kinakuja na hati inayoeleza ni cha nani na nani amekithibitisha. Muhuri ukivunjika na hati ikapotea, umebaki na mfupa tu, na hakuna wa kuapa ni wa nani.

Hata hivyo wajanja hawakosekani. Kwenye minada ya intaneti wapo wanaouza, na ukiwabana wanasema wanauza kikasha tu, mfupa ni zawadi. Huo ndio ujanja wa muuza maji ya baraka anayesema unalipia chupa.

Kwa nini nalishikilia sana jambo hili la kuuza? Kwa sababu niko Kalemela. Kama ningekuwa mji mwingine huko ng'ambo ningelipita kama kanuni moja ya makasisi kati ya nyingi. Hapa siwezi. Katika Kanda hii ya Ziwa, kuanzia mwaka 2007 hivi, tuliishi na kitu kibaya mno. Watu wenye ualbino waliwindwa kama swala. Walikatwa mikono, walikatwa miguu, hata makaburi yao yalifukuliwa, kwa sababu mganga fulani alimwambia mtu fulani kwamba mfupa huo ukifungwa kwenye wavu utaleta sangara, ukifukiwa mgodini utaleta dhahabu. Nchi nzima waliouawa hadi kufikia mwaka 2015 walizidi 70. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitoa machozi bungeni kwa ajili yao. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Mitaani wahuni walikuwa wakimwona mtu mwenye ualbino wanapiga kelele, "Dili hilo!" Yaani binadamu mzima, mwenye mama yake, anaitwa dili.

Sasa wewe nenda Kalemela, simama kanisani mbele ya watu waliozika, useme: ndugu zangu, huu ni mfupa wa mtu, tuuheshimu. Unadhani kila mtu atakuelewa vizuri? Kuna mmoja pale nyuma atakayesikia nusu. Atasikia mfupa, atasikia muujiza, basi. Yule mvuvi wa bibi si mtu mbaya, nilimwona, kijana mpole tu mwenye madeni. Lakini hesabu anayoifanya kichwani, ya kitu cha marehemu na wavu na samaki, ndiyo hesabu ile ile iliyotumaliza. Kitambaa hakimuui mtu, ni kweli. Ila anayezoea kuhesabu hivyo kwa kitambaa, kesho ataambiwa na mganga kuna kitu chenye nguvu zaidi.

Nilimkuta katekista mmoja wa huko, mtu wa maneno machache, nikamuuliza anawafundishaje watu. Akanijibu kwa mfano wa sadaka. "Lwanga alijitoa mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyemnyemelea usiku kwa panga ili apate samaki. Mwenye kuua kwa ajili ya mfupa, yeye yuko upande wa waliowasha kuni." Nilinyamaza. Nimesikia mahubiri marefu mjini yasiyofikia nusu ya hayo.

Na akaniongezea la pili, ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Masalia ya kanisani yana jina. Unajua ni Karoli, unajua alikuwa nani, alifia wapi, tarehe gani, na kila mwaka anatajwa jina lake mbele ya watu. Mfupa wa mganga hauna jina. Lazima usiwe na jina, maana ukiwa na jina polisi watakuja.

Wapo watakaosema hizo zote ni imani za kale zilizobadilishwa nguo. Sikubaliani nao sana, ila nawaelewa. Wasukuma wenyewe wanajua kutunza vitu vya waliotangulia. Ukirudi Mwanza shuka Kisesa, nenda Bujora kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, miaka ya 1950. Utakuta ngoma za watemi, viti vyao na mavazi yao, vimewekwa kwenye jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kanisa la pale nalo ni la msonge wa Kisukuma. Hakuna anayekwangua ngoma ya mtemi akaenda kuuza unga wake. Inakaa pale, watu wanakuja, wanaiona, wanasimuliwa mtemi alikuwa nani. Babu wa Kalemela hahitaji Mzungu wa kumfundisha kwamba kitu cha marehemu kinaheshimiwa. Tatizo letu liliingia pale soko lilipoingia.

Haya, wangapi mnataka kwenda Namugongo wenyewe? Kutoka Kalemela njia ni mbili. Moja unapanda kaskazini: Lamadi, Bunda, Sirari, unakatiza Kenya kwa Kisii na Kisumu, unaingia Uganda kwa Busia. Nyingine unarudi Mwanza, unavuka Kigongo kwenda Busisi, halafu Sengerema, Geita, Biharamulo, Bukoba, Mutukula, Masaka hadi Kampala. Zamani pale Kigongo tulikuwa tunasota kwenye foleni ya kivuko hadi mahindi ya kuchoma yanatuisha, lakini tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita tatu na ushee, unapita kama uko uani kwako. Wazee wengi wanafurahia hilo kuliko vijana, maana tangu MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 wapo ambao hawataki kusikia habari ya chombo cha majini. Chukua hati ya kusafiria, chukua sweta, chukua viatu vilivyozoeana na miguu. Wapo wanaotembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, wakiwemo Watanzania. Mimi sijasema utembee, nimesema wapo.

Basilika yenyewe utaiona kwa mbali. Imejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, imeshikwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi. Ilifunguliwa mwaka 1975. Altare imesimama mahali pale alipochomwa Lwanga, na masalia yake yametunzwa hapo. Mapapa watatu wamefika Namugongo: Paulo wa 6 mwaka 1969, Yohane Paulo wa 2 mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015. Usitegemee kuona mifupa mikubwa kama ya sinema. Utaona watu wamepiga magoti wanagusa, wanasogea, mwingine anapiga magoti.

Tarehe 3 Juni umati unafunika vilima. Ukitaka utulivu nenda siku nyingine. Ukitaka kuchekeshwa na kulizwa siku moja, nenda siku hiyo hiyo. Misa ikiisha teremka kwenye kile kibwawa, uone watu wa mataifa yote wanachota maji: Wakenya, Wakongo, Wanyarwanda, na sauti ya Kisukuma kutoka kona fulani, usikose kuwasalimia. Maji ni bure. Vidumu vya njano vinauzwa pale pale na vina bei ya sikukuu, kwa hiyo beba cha kwako kutoka nyumbani, kile cha mafuta ya kula, ila kioshe vizuri kwanza.